Ncha ya Pili ya Ubao

Siku ya kwanza kukaa barazani kwa mjomba wangu nikiwa mtu mzima, nilitazama huku na huku kwanza. Kichochoro kilikuwa kitupu. Paka juu ya bati, na mtoto mmoja akifukuza gurudumu lake. Nikakaa ukingoni, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, kama abiria asiyejua gari litasimama au litapita. Mjomba akamimina kahawa kutoka kwenye dele, akanisogezea kikombe, akasema bila kunitazama, "Kunywa, mjomba. Hapana mtu."

Alikuwa ameniona.

Ulikuwa mwaka 2002. Kutoka kwetu mpaka kwake, huko Ng'ambo, hazifiki hatua mia mbili, na kwa miaka saba nilikuwa sijazipiga mchana kweupe.

Ambaye hakuishi Unguja miaka ile ataona nazidisha chumvi. Oktoba 1995 tulipiga kura ya kwanza ya vyama vingi tangu Mapinduzi. Matokeo ya urais wa Zanzibar yakatangazwa: Dk. Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF asilimia 49.8. Hata ukikata papai kwa kisu hupati vipande vilivyokaribiana namna ile. Upande mmoja ukasema tumeshinda, upande wa pili ukasema tumeibiwa, na tangu hapo watu wakaanza kususiana. Duka la fulani halinunuliwi. Harusi ya fulani haihudhuriwi. Salamu inatolewa kwa jumla ili fulani asiipate peke yake. Pemba ndiko kulikozidi, mpaka kwenye mazishi. Bibi yangu, aliyekuwa hai bado, hakushangaa. Alisema haya aliyaona zama za siasa, wakati wa vyama vya Hizbu na Afro-Shirazi, na fujo za uchaguzi wa Juni 1961 ziliishia kwa kuzika watu. "Mtu haanzi na panga," alikuwa akisema, "anaanza kwa kutokuitikia hodi."

Nyumbani kwetu mgawanyiko ulipita katikati ya kitanda. Baba ni CCM tangu haijaitwa CCM. Mama ni Mpemba wa Wete. Mjomba, kaka yake mama, ni seremala, na ni CUF wa kubandika picha mlangoni. Kabla ya 1995 baba na mjomba walikuwa wakicheza bao kila Ijumaa alasiri, wakigombana kwa kete wala si kwa jingine. Baada ya hapo bao likaingia uvunguni.

Ramadhani mama alikuwa akinituma na futari kwa kaka yake baada ya Magharibi, sahani imefunikwa kawa. Baba alikuwa akikaa mlangoni. Nikipita na lile kawa anageuka kutazama ukuta. Ukuta wenyewe hauna kitu.

Mimi nilikuwa kijana wa maskani, kijiwe cha wana CCM. Maskani yetu ilikuwa na ubao mweusi ukutani, kando ya njia, na kwa kuwa mwandiko wangu ulisifiwa tangu skuli, kazi ya chaki ikawa yangu. Kila asubuhi, kabla watu hawajaenda sokoni, kijembe kipya. Wenzetu wa upande wa pili nao walikuwa na ubao wao, wakitujibu jioni. Sitasema uongo, nilikuwa nafurahia. Mtu wetu akisimama akasoma akacheka, najiona mshairi. Mtu wao akisimama akatema mate akaenda zake, najiona mshairi zaidi. Ilinichukua miaka kutambua kwamba ubao ule haukuwahi kuzungumza na upande wa pili hata siku moja. Tulikuwa tukiandikiana sisi kwa sisi.

Januari 2001 yakatokea ya maandamano ya CUF. Watu zaidi ya 30 waliuawa, wengi wao Pemba, na wengine wapatao 2,000 wakavuka bahari kwa mashua mpaka Shimoni, pwani ya Kenya. Miongoni mwao alikuwa mtoto wa mjomba, binamu yangu, tuliyesoma naye chuo kimoja cha Kurani. Habari zilipotufikia nilichukua chaki nikaandika: "Anayekimbilia shimoni ni panya." Watu walicheka siku tatu. Kwa kawaida kijembe hakidumu ubaoni zaidi ya siku moja, lakini hicho walinikataza kukifuta.

Oktoba mwaka ule ule CCM na CUF wakatiliana saini Muafaka, wa pili huo, maana ule wa 1999 ulikuwa umekwisha kufa. Redio ikasema mambo yamekwisha. Kichochoroni kwetu hayakuisha.

Nami sikwenda kwa mjomba kwa ajili ya Muafaka. Nilikwenda kwa ajili ya mahari. Nilikuwa nimeposa, sina kitu, na mjomba alikuwa amepata kazi ya milango minne ya nakshi kwa ajili ya hoteli moja ya Mji Mkongwe, huku mafundi wake wawili wamehamia Mombasa. Mama ndiye aliyeniambia, akiwa anakuna nazi, kama anayetaja hali ya hewa: "Mjomba wako anatafuta mtu wa kumshikia."

Basi nilipomaliza kikombe kile cha kwanza tukazungumza malipo, tukakubaliana. Kisha akasema, "Na huyo anayeandika ubaoni kwenu ana mwandiko mzuri. Ile S ya Shimoni aliikunja vizuri sana." Akanyanyuka akaenda kutafuta tepu ya kupimia. Hakulitaja tena jambo lile, si siku ile wala baadaye, na mimi mpaka leo sijapata mlango wa kuliingilia.

Msidhani mjomba ni mzee wa hekima wa kwenye hadithi. Ni mtu wa kelele. Anakukata kauli, anarudia jambo moja mara tano, na ukimpatia hoja anakohoa mpaka uisahau. Ingekuwa barazani, ningesikiliza dakika mbili nikanyanyuka. Lakini ubao wa mfenesi wenye urefu wa mtu na nusu unataka watu wawili. Yeye anashika ncha hii, wewe unashika ile, na randa inapopita huwezi kuachia, maana ukiachia unaharibu mbao na mbao ni pesa. Kwa hiyo nilisikiliza kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeshikwa. Sikuwa na wema wowote wa ziada.

Wiki ya kwanza nilikuwa nikimjibu kila neno. Yeye kura, mimi Mapinduzi. Yeye Januari, mimi Sultani. Tulikuwa tukirushiana yale yale ya ubaoni, tofauti yake ni kwamba tulikuwa karibu zaidi na kulikuwa na vumbi. Nadhani tulichoka. Kama siku ya kumi hivi, tukipiga msasa, alianza kusema jambo ambalo halikuwa hoja. Alisema juu ya foleni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, zama za Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza baada ya Mapinduzi, Serikali ilizuia chakula kutoka nje. Watu wale walichokilima wenyewe. Pemba njaa ikaingia. Wazee wa kule mpaka leo wanaita wakati wa njaa, bila kutaja mwaka, na kila mtu anajua ni upi. Mjomba alikuwa mtoto wa miaka kumi. Alikuwa akiamshwa alfajiri kwenda kushika nafasi dukani, na alikuwa na jiwe lake. Kila mtoto alikuwa na jiwe, unaliweka kwenye mstari linakushikia nafasi ukienda kujisaidia. Siku moja alirudi akakuta jiwe limepigwa teke, mstari umesogea, na unga ukaisha watu wawili mbele yake. Alikwenda nyumbani mikono mitupu, mama yake, yaani bibi yangu yule wa Wete, hakumpiga wala hakusema kitu. "Angenipiga ingekuwa nafuu," alisema mjomba. Akapuliza vumbi. "Ndiyo nikisikia mtu anasifu zama zile, mimi naona jiwe."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo tayari mdomoni, la asubuhi yoyote ya ubaoni. Sikulitoa, si kwa adabu; nilikuwa nafikiria lile jiwe lilikuwa la rangi gani.

Siku nyingine nikamwambia habari za babu mzaa baba. Babu alikuwa akilima chini ya mikarafuu ya mtu. Mihogo na viazi alikuwa akiruhusiwa. Kupanda mti wa kudumu, hapana, kwa sababu mti ni dai. Baba amezaliwa kwenye kibanda cha shamba lile. Mwaka mmoja kabla ya Uhuru babu aliambiwa aondoke, akaondoka na mihogo imebaki ardhini haijakomaa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 akapewa eka tatu, na karatasi ya eka tatu baba anayo hadi leo ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya nguo zake za Idi. Ukimwambia baba kwamba serikali ile ilikosea, anasikia unamwambia arudishe karatasi.

Mjomba hakujibu. Alisema tu, "Geuza," tukaugeuza ubao. Baada ya muda mrefu, tumeshahamia kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, akauliza, "Na ile mihogo aliichimba nani?"

Sikujua. Miaka yote nimesimuliwa kisa kile na sijawahi kuuliza aliyechimba mihogo.

Kwa hiyo mtu mmoja, Mzee Karume, kwetu ni ardhi na kwao ni njaa, na zote mbili ni kweli, na zimelala nyumba moja chini ya neti moja. Mama amezichukua zote mbili miaka arubaini. Hatukuwahi kumuuliza.

Wala sikuhama chama. Nalisema hili kwa sababu kila nikisimulia, mtu huuliza: "Kwa hiyo alikugeuza?" Hakunigeuza. Kura yangu ya 2005 ilikwenda pale pale, na ya mjomba pale pale. Ila ubaoni nilishindwa. Kila kijembe nilichokifikiria nilikuwa najua mjomba atakijibu vipi, na jibu lake lilikuwa zuri kuliko kijembe changu. Ni adhabu mbaya kwa mshairi.

Wenzangu waliona mapema. Kwanza ilikuwa mzaha: "Umelishwa nini kule?" Halafu kahawa ya maskani ikawa inanipita, mwenye dele anamimina kwa huyu na yule, akifika kwangu limekwisha. Halafu asubuhi moja nikapita nikakuta ubao umeandikwa na mtu mwingine, mwandiko wa kuku: "Kinyonga akishika randa, anatafuta rangi ya mbao." Niliusoma mara mbili. Cha kuudhi, ulikuwa mzuri.

Hapo ndipo nilipokijua nilichokuja kusimulia. Siku zote nilikuwa nikiamini kwamba tunashindwa kumsikiliza mpinzani kwa sababu maneno yake ni machungu. Siyo. Maneno ya mjomba nilikuwa nikiyamaliza, machungu na yote, nikala chakula cha mchana. Kilichonitoa jasho ni macho ya watu wangu. Nilipotazama huku na huku siku ile barazani, sikuwa namwogopa mjomba. Nilikuwa nawaogopa marafiki. Gharama ya kumsikiliza mtu wa upande wa pili hulipi kwake. Unailipa kwenu, na wa kwenu hawakopeshi.

Nilidhani hili ni la sisi wadogo wa kichochoroni mpaka Novemba 2009. Rais Amani Karume, mtoto wa yule yule Mzee Karume, alikutana na Maalim Seif Ikulu, wakazungumza. Nchi nzima ilipigwa na butwaa. Siku chache baadaye Maalim akapanda jukwaani uwanja wa Kibandamaiti kuwaambia wafuasi wake kwamba sasa CUF inamtambua Karume kuwa Rais. Wakamzomea. Mtu aliyekwisha kukaa gerezani kwa ajili ya siasa zake, anazomewa na watu wake kwa kuwa alikwenda kumsikiliza mwenzake.

Na mjomba alikuwepo. Alirudi jioni sauti imekauka. Nikamuuliza, "Mjomba, na wewe umezomea?" Akanywa maji. "Sana," akasema.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Siku mbili hakufungua karakana. Siku ya tatu nilimkuta ananoa patasi; akasema, kama anayeendelea na mazungumzo yaliyokatika dakika iliyopita, "Miaka yote nimeona lile jiwe. Leo mtu ananiambia mtoto wa mwenye jiwe ni Rais wangu. Hata kama ni sawa, si ungenipa muda?" Nadhani hilo ndilo viongozi hulisahau. Wao walikuwa na muda wao, chumba chao na chai yao, walifika polepole. Sisi tulitakiwa tufike kwa hotuba moja.

Muda ulikuja, lakini. Tarehe 31 Julai 2010 tukapiga kura ya maoni juu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Mjomba hajaniambia alipiga ipi. Baba naye hajasema. Mama amesema: ndiyo, na angepiga mara mbili kama wangemruhusu.

Hakuna aliyekwenda kumwomba mwenzake radhi. Kilichotokea ni kwamba mwaka uliofuata dari ya chumba cha mama ilianza kuoza, na hakuna seremala anayeaminika kwa dari kuliko kaka yake. Mjomba akaja na ngazi. Baba akatoka nje akakaa mlangoni kwake, akatazama ukuta wake. Mjomba akafanya kazi kutwa. Alipotoka amejaa vumbi, mama akaweka kahawa na kashata barazani, vikombe vitatu, akarudi ndani. Wakakaa. Nilikuwa kizingitini, sijui niondoke au nibaki. Walianza na bei ya mbao. Wakaenda kwenye mvua. Wakanyamaza. Halafu baba, ambaye kumbe miaka yote hiyo alikuwa akisikia ninayomsimulia mama jikoni, akauliza akitazama kikombe:

"Shemegi. Lile jiwe, uliliacha wapi?"

Mjomba alisimulia mpaka dele likapoa. Baba hakumkatiza ila mara moja tu, kuuliza jina la kijiji.

Ningependa kuishia hapo, lakini haikuwa hivyo. Oktoba 2015 uchaguzi wa Zanzibar ukafutwa na Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Machi 2016 ukarudiwa, CUF wakasusia, na neno lile la kususia likarudi kila mahali kana kwamba halikuwahi kuondoka. Mjomba hakukanyaga kwetu miezi mitano. Safari hii watu hawakuhitaji ubao, walikuwa na simu. Mimi nimo kwenye kundi la ukoo wa baba na kundi la ukoo wa mama, na mwaka ule nilikuwa nikiona mtu anaandika hoja ndefu, na chini yake maneno madogo: fulani ametoka. Fulani ametoka. Kwenye simu hakuna ncha ya kushika. Unaachia kwa kidole gumba na mbao haianguki mguuni kwa mtu. Nilijaribu mara moja kubandika maneno ya kundi hili kwenye kundi lile, wasikizane. Niliitwa mchochezi na pande zote mbili, ndani ya dakika moja, na hilo ndilo jambo pekee waliloafikiana mwaka ule.

Ulipoingia mwezi wa sita wa kutoonana kwao, baba aliniita. Alikuwa ameanza kuumwa magoti, hatoki. Akaniambia nikalitoe bao uvunguni nikalisugue, kisha niende kwa mjomba nikamwambie kete mbili zimepotea, na seremala ni yeye.

Kete za bao ni komwe, mbegu tu. Hazichongwi. Mjomba alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Aliniangalia, akaweka randa chini, akavaa kofia.

Usiku ule walicheza mchezo mmoja tu, wakaupanga upya mara tatu bila kuucheza, kwa sababu walikuwa wamerudi mbali, kwenye Tume ya Jaji Nyalali ya 1991. Baba alikuwa anasema, na sauti inasikika mpaka kisimani, kwamba karibu watu 80 katika kila 100 waliiambia Tume wanataka chama kimoja, wakasikilizwa wale 20; hiyo ndiyo demokrasia? Mjomba anasema hao 80 walikuwa wamezoea kuulizwa swali lenye jibu moja. Baba anasema subiri nimalize. Mjomba anakohoa. Baba anasema usikohoe, mimi nakujua.

Ilipofika saa nne mama akazima taa ya barazani. Wakaendelea gizani.